Tupeane uzoefu: filamu za mapenzi za Krismasi za kwenye TV, kwa nini unakaa hadi mwisho unaoujua?

Mwanzisha Mada

Wadau, salaam. Msimu umeingia. Chaneli ya Hallmark ya Marekani huanza kurusha filamu zake za Krismasi mwezi Oktoba, na tangu waanzishe msimu wao huo mwaka 2009 chaneli nyingine na huduma za filamu za intaneti zimefuata mkondo. Kuna misimu Hallmark peke yao wanatoa filamu mpya zinazokaribia 40. Arobaini! Na hadithi ni ileile: mwanamke mwenye kazi kubwa mjini anarudi kwenye mji mdogo alikozaliwa, anakutana na seremala mwenye shati la drafti, wanapamba mti, wanakwaruzana kidogo, theluji inaanguka, wanabusiana, majina yanapanda.

Jana nimemaliza moja ya namna hiyo. Nilijua nani ataishia na nani kabla hata matangazo ya kwanza hayajaingia, na bado nilikaa. Kilichoniudhi ni sehemu moja tu. Dakika kama ya sitini hivi, dada wa watu anasikia nusu ya mazungumzo ya simu, anadhani jamaa anauza nyumba ya wageni ya familia, anafunga sanduku na kuondoka. Hakuuliza. Angeuliza, tungelala mapema.

Ndiyo maana siungani na wanaosema ubovu wa filamu hizi ni kutabirika. Huko kutabirika ndiko tulikokufuata. Mimi naangalia kile kinachowazuia wale wawili wasiwe pamoja. Kikiwa kitu cha kweli, nasamehe hata theluji ya pamba. Kikiwa cha kubandika, nazima.

Haya, leteni visa vyenu. Uliangalia na nani, kitu gani kilikushika, kitu gani kilikufukuza? Mihadhara tuiache.

Zamu ya Usiku

Mimi ni muuguzi. Runinga ya chumba chetu cha mapumziko haifunguliwi sauti usiku, wagonjwa wamelala ukuta wa pili. Kwa hiyo filamu hizi nimeziangalia nyingi sana bila kusikia neno, na sijawahi kupotea. Sweta jekundu, huyo ni mwema. Suti ya kijivu na simu sikioni, huyo ataachwa. Mzee mwenye ndevu nyeupe anayekonyeza jicho, huyo ni Baba Krismasi mwenyewe amejificha.

Siku moja nikaikuta nyumbani filamu niliyokuwa nimeiangalia kazini, safari hii na sauti. Yule seremala niliyemdhania mtu wa maneno machache na mazito, kumbe anaongea kama kadi ya salamu! Nikabonyeza kitufe cha kuzima sauti, mapenzi yakarudi.

Mwanzisha Mada

Hahaha. Muuguzi, kuongea kama kadi ni haki yao. Hallmark walianza kuuza kadi mwaka 1910, chaneli ilikuja mwaka 2001.

Kofia ya Sufu

Nimewahi kuwa mmoja wa wale wanaopita nyuma ya mastelingi bila kusema kitu. Ilikuwa British Columbia, Canada, ambako filamu nyingi za aina hii hupigwa, na mwezi ulikuwa Julai. Kofia ya sufu, skafu, glavu, koti zito, na jua la kukausha nguo. Kila wakisimamisha kamera, watu wa vipodozi wanakimbia kuwafuta mastelingi jasho. Sisi wa nyuma tulijifuta kwa skafu.

Theluji ina madaraja. Mbele, kamera inapoona kwa karibu, wanamwaga barafu iliyosagwa. Nyuma huko wanatandika vitambaa vyeupe juu ya nyasi. Inayoanguka kutoka juu ni povu la mashine, na likikuingia jicho utajua hujui. Barafu inayeyuka huku unaiona, na filamu nzima inatakiwa iishe kupigwa ndani ya wiki mbili tatu, kwa hiyo hakuna wa kukubembeleza. Kazi yangu ilikuwa kuvuka barabara na maboksi ya zawadi, matupu, halafu kubadilishwa kofia na kurudi nilikotoka kama mtu mwingine.

Tangu hapo nikiangalia natafuta pumzi. Watu wamesimama kwenye theluji, wanaongea, na mvuke hautoki mdomoni! Halafu nyuma ya kanisa kuna mti wenye majani mabichi kabisa. Na vikombe: mtu anazungusha kikombe cha chokoleti ya moto hewani kwa sababu hakina tone.

Ila niseme na hili. Wakati wa busu la mwisho tuliambiwa tupige makofi bila viganja kugusana, ili vinasa sauti vishike maneno ya mastelingi. Umati mzima unashangilia kimyakimya, jasho linatiririka, na fundi mmoja wa taa, mtu mzima na kipara chake, anafuta macho. Sitaki kuamini lilikuwa jasho.

Mchumba wa Mjini

Naomba niwasemee watu wa suti ya kijivu.

Niliyekuwa nimemchumbia alizipenda sana filamu hizi. Ikifika Desemba tunakaa kochi moja, yeye upande wa seremala, mimi upande wa mchumba. Nilikuwa nauliza: kosa la huyu bwana ni nini hasa? Anapokea simu. Ana kazi! Nyumba nzuri wanayoishi inalipwa na nani? Halafu amesafiri usiku kucha kumfuata mwenzake, anafika na viatu vya ngozi kwenye theluji, mji mzima unamcheka, na mwanamke ameshamvalisha seremala skafu aliyoifuma bibi. Mchumba wangu alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu.

Baadaye akaniacha. Seremala hakuwepo, wala mji mdogo, wala sherehe ya kuwasha taa. Tulikuwa tumechokana, akatangulia kulisema.

Sasa filamu hizi naziangalia peke yangu, na kipimo changu ni namna wanavyomwondoa mchumba. Waandishi wavivu wanamfanya mshenzi: anamfokea mhudumu, anamchukia mbwa, mradi tusimwonee huruma. Lakini kuna moja niliyoikuta ambapo bwana ni mstaarabu mwanzo mwisho. Anamkuta mwenzake anakata nyota za karatasi na watoto, anasimama mlangoni anamwangalia, kisha anasema, "Kwangu hujawahi kucheka hivyo." Anachukua koti lake. Mwanamke anamsindikiza mpaka kwenye gari na wote wawili wanajua. Mwanzisha Mada, kama unatafuta kizuizi cha kweli, ndicho hicho: mtu mwema ambaye si wako. Seremala wa filamu ile hata sura yake siikumbuki.

Bibi Rimoti

Mimi naangalia kwa ajili ya mbwa. Kwenye filamu za Krismasi za TV mbwa hafi. Filamu nyingine zote sina uhakika nazo. Asanteni.

Marudio

Mwaka 2017 Netflix walipotoa filamu yao ya Krismasi yenye mwana wa mfalme, waliandika hadharani mtandaoni kwamba kuna watu 53 walioiangalia kila siku kwa siku 18 mfululizo, wakawauliza: nani kawaumiza? Watu wengi walikasirika kwamba kampuni inawachungulia wateja wake na kuwacheka. Mimi nilikasirika kwa sababu swali lilikuwa la kijinga. Mwaka niliofiwa na kaka yangu niliiangalia filamu moja ya namna hii kila jioni, hiyohiyo, mpaka msimu ukapita. Sikuweza kuvumilia hadithi ambayo sijui inaishaje.

Mama wa Mmoja

Pole, Marudio. Na mimi naomba nizungumzie marehemu.

Filamu hizi zimejaa wagane. Baba ana binti wa miaka saba au minane mwenye maneno ya mtu mzima. Mama alifariki "miaka michache iliyopita", muda wa kutosha ili mtazamaji asione vibaya. Picha yake iko juu ya meko, moja tu, anatabasamu. Na mtoto ndiye anayemtafutia baba mke! Anamwandikia barua Baba Krismasi aombe mama mpya.

Mimi ni mjane, na mwanangu wakati huo alikuwa wa rika la hao watoto. Amelaza kichwa mapajani mwangu, tunaangalia, ikafika hiyo barua. Akainuka. "Mama, kwani huyu wa kwenye picha amemkosea nini?" Nikamwambia ni sinema tu. Akarudi kulala, akasema taratibu, "Mimi siandiki barua hiyo."

Sikuacha kuziangalia, ila nilianza kuchagua. Ipo moja ambayo mgane hapambi mti kabisa. Watu wanadhani hapendi Krismasi. Kumbe maboksi ya mapambo yana mwandiko wa mkewe: "ya dirishani", "ya mti", "yanavunjika". Anaogopa kuyafungua kwa sababu akishayatumia, atayarudisha yeye, na karatasi zitachakaa. Hakuna duka linalouzwa, hakuna simu ya kusikia nusu. Mwandiko tu ndio umewazuia hao wawili, na yule dada anayempenda hagusi hizo karatasi, analeta boksi lake. Mwanangu aliangalia mpaka mwisho hakusema kitu. Siku ya kupamba akaomba kalamu, tuandike maboksi yetu.

Rafiki wa Stelingi

Mada nzuri, lakini kuna jambo hamjaligusa. Kwa miaka mingi filamu hizi, mtu mweusi akiwepo, ni rafiki. Ana duka la maua au anafanya kazi ofisi moja na stelingi. Kazi yake ni kumwambia "nenda kamfuate" na kisha kutoweka. Nyumbani kwake hatupaoni. Krismasi yake anaila na nani, hatujui.

Mimi na dada zangu tulikuwa na mchezo: rafiki akitokea, tunamtungia filamu yake. Jina la mpenzi wake, ugomvi wake na mama yake, kwa nini hataki kurudi kwao. Mara nyingine hadithi yetu ilitunogea tukasahau kuangalia busu la wenyewe.

Mambo yameanza kubadilika. Mwaka 2022 Hallmark walianzisha filamu chini ya jina la Mahogany, lililokuwa la kadi zao za watu weusi tangu miaka ya 1980, na wanawake weusi ndio wenye hadithi. Dada zangu wamefurahi. Mimi nimefurahi pia, na hapohapo nilicheka nilipoona na sisi sasa tunasikia nusu ya simu na kufunga sanduku.

Mpita Njia

Kwa wasiojua: Arnold Schwarzenegger, huyohuyo wa misuli, mwaka 1992 aliongoza filamu ya mapenzi ya Krismasi ya televisheni, Christmas in Connecticut, iliyorudia filamu ya mwaka 1945. Haina mlipuko hata mmoja. Niliiangalia yote nikisubiri.

Msomaji wa Skripti

Hiyo simu inayowaudhi naijua inakotoka. Nimefanya kazi ya kusoma miswada ya filamu za TV.

Filamu hizi zina dakika kama 85, zinawekwa kwenye nafasi ya saa mbili, muda unaobaki ni wa matangazo. Kwa hiyo hadithi huandikwa kwa vipande, kwa kawaida tisa, na kila kipande lazima kiishe na kitu cha kumfanya mtazamaji asibadili chaneli. Ndiyo maana midomo ikikaribiana, mtoto anaingia na biskuti. Sasa ukifika kipande cha saba hivi, mti umeshapambwa, wawili wameshapendana, na bado kuna matangazo ya kupita. Hapo ndipo simu inaita. Hata huduma za intaneti zisizo na matangazo zimeirithi tabia hiyo, maana waandishi ni walewale.

Kuna mwandishi alituletea muswada ambamo dada anasikia ile simu, anafungua mlango na kuuliza palepale. Jamaa anajibu, wanacheka, hadithi inaendelea na shida nyingine kabisa ya baba yake mgonjwa. Niliupenda. Maoni yaliyorudi kutoka juu: baada ya kipande cha saba hakuna cha kumrudisha mtazamaji. Akaambiwa amtoe dada mlangoni kabla hajafungua mdomo. Akamtoa.

Mwanzisha Mada

Kumbe tulikuwa na dawa na mkaimwaga! Huyo baba mgonjwa alikwenda wapi?

Msomaji wa Skripti

Alipona. Kwenye toleo la mwisho ndiye anayemwendesha dada na gari la theluji kurudi kwa jamaa.

Dada wa Sanduku

Nimesoma kimya tangu juu, naomba na mimi niseme. Hiyo simu mnayosema haitokei kwenye maisha ya watu, kwangu ilitokea. Nimepita ukumbini, nikamsikia mume wangu anamwambia mtu, "Hapana, bado hajui." Kama mngeniona mngesema naigiza, hata nguo nilizokuwa nazikunja ziliniponyoka.

Sikufunga sanduku. Nilifanya hayo hasa mnayowataka wafanye: niliingia chumbani nikamuuliza. Akakata simu, akakaa kitandani, akanieleza. Nilikuwa nimesikia sawasawa. Hakukuwa na zawadi iliyofichwa.

Kwa hiyo nyie mnazima sehemu hiyo ikifika, mimi ndiyo naongeza sauti. Pale peke yake ndipo ninapoona mwanamke anasikia vibaya, na jamaa anamkimbilia stesheni kumweleza kwamba amesikia vibaya.

Msomaji wa Skripti, nina swali. Kwenye ule muswada wa kwanza, kabla hawajamtoa mlangoni, dada alipouliza, jamaa alimjibu nini?

Msomaji wa Skripti

Dada, alimjibu: "Ni lile gari bovu la babu ndilo nauza, na mnunuzi mwenyewe ananipunja." Ukurasa uliofuata walikuwa wote wawili chini ya gari, wanatafuta kinachovuja.