Naomba ushauri: modeli ya malaria, sifuri zinanichanganya

Wadau habari zenu, niko Kisumu nafanya digrii ya pili ya afya ya umma na nimekwama kwa data. Nina kesi za malaria za kila wiki kutoka dispensari za upande wa Ahero na Nyando, nataka kuona mvua inachangia aje. Nilianza na Poisson (modeli ya takwimu ya kuhesabu matukio) lakini ile kitu inataka wastani na varianzi, yaani vile namba zimetawanyika, zilingane, na hapa varianzi iko juu sana, si unajua mafuriko ya tambarare ya Kano huku kwetu yakikuja kesi zinapanda ghafla. Kwa hivyo nafikiria kuhamia binomia hasi, modeli inayokubali varianzi kupita wastani, hapo sina shida.

Shida ni sifuri. Kuna wiki zahanati imeandika 0 katikati ya msimu wa mvua ndefu, eti Ahero yote na mashamba ya mpunga hakuna mgonjwa hata mmoja! Hiyo najua ni vipimo vya haraka vimeisha ama wahudumu wako kwa mgomo. Sasa nizichukue kama data iliyokosekana ama nitumie modeli ya sifuri nyingi (zero-inflated), ile ya data yenye sifuri kupita kawaida? Supavaiza anasema niziache tu, mimi naona zitaharibu kila kitu.

Ya pili, lagi ya mvua, yaani muda kutoka mvua inyeshe hadi kesi zipande. Mbu anahitaji kama wiki moja au mbili kukua, kimelea kikomae ndani yake siku 10 hivi au zaidi, halafu mtu akae tena wiki moja au mbili ndio augue. Nijaribu wiki 4 hadi 10 zote pamoja ama nichague moja? Natumia R, programu ya takwimu, mwenye amewahi kufanya hii anisaidie tafadhali.