Lushoto na watoto pamoja na bibi: kuna nini zaidi ya Irente?

Mama Neema wa Tabata

Habari za jioni wadau. Likizo hii ya mwezi wa sita tunapanda Lushoto kutokea Dar, tuna gari dogo la kwetu. Tupo mimi, mume wangu, watoto wawili (mmoja ana miaka sita, mwingine kumi na moja) na mama mkwe, miaka 68, goti moja linamsumbua lakini mwendo wa taratibu anauweza. Tutalala Ijumaa na Jumamosi, Jumapili tunageuza.

Kila nikitafuta picha naona Irente tu, ule ukingo wa mlima, mtu kasimama juu ya jiwe kanyoosha mikono. Hivi ni hapo tu? Mama mkwe anasema yeye anataka msitu, hataki kupelekwa hotelini kukaa kwenye kiti. Naomba mwenyeji anisaidie kupanga, nisije nikawachosha watu kwa kona tu.

Karoti za Ubiri

Shikamoo yangu mfikishie mama mkwe, ameomba kitu sahihi.

Mimi ni mzaliwa wa Ubiri, nalima na kusafirisha karoti na kabichi kwenda Dar, kwa hiyo barabara hiyo naijua usiku na mchana. Kinachoniuma ni wageni wanaofika asubuhi, wanapiga picha Irente, wanakula chipsi mjini, na jioni wameshashuka Mombo. Msitu wa Magamba hawajauona hata kwa mbali, na huo ndio unaotuweka hapa. Maji ninayomwagilia karoti yanatoka kule juu. Upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi, unagonga milima hii ya Usambara, mawingu yanakaa kwenye miti na mvua inashuka. Palipokatwa miti ovyo tumeona vijito vikibaki mawe matupu kiangazi. Basi ukija na watoto, wapeleke waone maji yanakoanzia.

Sasa mpangilio. Ijumaa tokeni Dar alfajiri ili mpande mlima kukiwa kweupe. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, lami, lakini nyembamba na kona zimefuatana, upande mmoja mwamba na upande wa pili bonde. Kona usiyoona mbele yake, piga honi. Mkikutana na Fuso la mboga linashuka, lipisheni, maana lina mzigo na haliwezi kusimama ghafla kama ninyi. Watoto wasishibe sana Mombo, watatapika.

Kabla ya kuingia Soni mtaona maporomoko ya maji kutokea barabarani. Simameni hapo, bibi anyooshe mguu. Mwezi wa sita masika yametoka kuisha, kwa hiyo maji bado ni mengi na sauti yake inasikika. Watoto wasishuke kwenye mawe yaliyolowa.

Irente msiikwepe, ila nendeni saa kumi jioni. Ni kilomita chache kutoka mjini na gari linafika karibu, bibi hatatembea sana. Kuna kiingilio kidogo. Mkifika ukingoni, chini yenu, karibu mita 1,000, ndiyo Mazinde: mashamba ya katani yamenyooka kwa mistari, barabara kuu ya kwenda Same, na malori yanatambaa kama siafu. Ng'ambo yake ni nyika ya Wamasai mpaka macho yanachoka. Asubuhi mara nyingi wingu linakuwa limekaa chini yenu na hamtaona kitu. Huyo wa miaka sita mshikeni mkono muda wote, sitanii. Mkiwa njiani kuna shamba la Irente, la Kanisa la Kilutheri, wanauza mkate mweusi mzito, jibini na jamu za matunda ya hapahapa. Chukueni, ndicho chakula chenu cha kesho msituni.

Jumamosi yote iwe ya Magamba. Inaitwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, iko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), ni njia ya kwenda Malindi na Mlalo. Mnalipa getini kwa kontroo namba (namba ya malipo ya serikali) na mnapewa mtu wa kuwaongoza. Mwambieni mapema kwamba mna mzee, awapitishe barabara pana ya zamani ya magogo, haina mpando mkali. Enzi za Wajerumani walipasua mbao humo, na mji wenyewe wakauita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao.

Humo ndani msiongee kwa dakika kumi za mwanzo. Mtasikia mbega wananguruma juu kabla hamjawaona. Mbega ni mweusi, ana manyoya meupe mabegani yanayoning'inia na mkia mrefu wenye ncha nyeupe. Akiruka kutoka mti hadi mti yale manyoya yanafunguka hewani. Yupo pia kulukulu. Akitua ni ndege wa kijani tu, hutamtofautisha na majani, akiruka mabawa yanawaka nyekundu. Mwongozaji awaonyeshe mkulo, mti wenye harufu ya kafuri. Okoteni jani lililoanguka, mlisugue viganjani, mmpe bibi anuse.

Na vinyonga! Usambara ya magharibi ina kinyonga wake mwenye pembe mbili puani, hayupo kwingine duniani. Mchana utapita mbele yake mara ishirini. Usiku mwongozaji akimulika tochi kwenye vichaka, kinyonga aliyelala anaonekana mweupe mpauko, kajishikiza ncha ya kitawi, mkia umejikunja duara. Wenu wa miaka kumi na moja hatalala usiku huo kwa furaha. Naomba tu jambo moja: mkikuta watoto barabarani wamemshika kinyonga kijitini wanataka hela ya picha, msiwape. Mkiwapa, kesho watawang'oa wengine vichakani.

Nyika ya Same

Karoti umeeleza vizuri, lakini umewanyima Mtae. Mimi nakaa Same, nauona ukingo ule kutokea chini kila siku, na nimeupanda. Mtae na Mambo ndiko milima inakoishia. Unasimama na nyika yote ya Mkomazi iko miguuni, milima ya Upare kando, na siku anga likiwa safi Kilimanjaro inajitokeza. Kuna kanisa la Kilutheri la zamani lililojengwa na wamisionari wa Kijerumani, limekaa karibu na ukingo kabisa. Ukiniuliza mimi, Irente haifui dafu.

Karoti za Ubiri

Kwa uzuri sibishani na wewe kaka, Mtae ni Mtae. Lakini kutoka Lushoto ni zaidi ya kilomita 60, sehemu kubwa ni vumbi na mashimo, na gari dogo litapiga tumbo chini. Kwenda na kurudi siku moja na mzee mwenye goti ni adhabu. Mtae inataka ulale kule. Wenye nguvu za miguu wanakwenda kwa kutembea, wanapita Rangwi wanalala kwa masista, kisha wanaendelea hadi Mtae, kijiji kwa kijiji. Hiyo ndiyo safari ambayo ningempa kijana yeyote anayetaka kuijua Usambara. Wenyeji watamsalimia, atapita katikati ya migomba na maharage, ataona tunavyolima kwa matuta ili udongo usiende na mvua. Vikundi vya waongozaji vipo mjini, Friends of Usambara ni mojawapo, wanajua njia zote. Mama Neema, hiyo wekeni akiba, watoto wakikua.

Mama Neema wa Tabata

Nimemsomea mama mkwe, kasema marahaba na amefurahi mno kusikia habari ya mbega. Maswali mawili yamebaki. Baridi ya mwezi wa sita ikoje kwa mtu wa Dar? Na Jumapili kabla ya kushuka tufanye nini, au tuondoke tu asubuhi?

Mwalimu Shume

Nijibu la baridi. Mimi nafundisha huku juu Shume, ni baridi zaidi ya mjini. Lushoto mjini usiku wa Juni na Julai nyuzi zinaweza kushuka mpaka karibu 10. Mchana jua likitoka ni raha, likifichwa na ukungu unatafuta sweta. Kila mtu abebe sweta zito na soksi, na mama mkwe awe na kitenge cha ziada cha kujifunga kwenye goti, maana baridi ndiyo inayoliumiza. Ulizeni gesti kama wana maji ya moto kabla hamjalipa.

Karoti za Ubiri

Jumapili msiondoke asubuhi. Soko la Lushoto linachangamka Alhamisi na Jumapili, akina mama wanashuka kutoka vijijini na mizigo kichwani. Plamsi na pichi hamtazikuta, msimu wake unaanza Desemba, lakini karoti, viazi, kabichi na parachichi ni za kumwaga, na bei mtaishangaa ukilinganisha na ya Tabata. Nunueni kwa mama aliyebeba mwenyewe, hiyo hela inafika shambani moja kwa moja. Karoti chagueni zenye majani yake bado, zitafika Dar zikiwa ngumu. Saa tano mkianza kushuka mtakuwa mmewahi.

Na viatu: raba zenye meno kwa wote, hata baba. Njia ya Magamba inateleza hata siku ya jua.