Mashati ya shule yamekuwa rangi ya uji: mnafuaje hapa Dodoma?

Mama Wanne, Nzuguni
Wapendwa, habari za jioni. Nina watoto wanne, watatu wako shule, kitindamimba bado anakojoa kitandani. Kwetu maji yanatoka Jumanne na Ijumaa usiku, kwa hiyo nguo zote zinasubiri Jumamosi. Juzi nimefua mashati meupe tisa, kaptura, sketi, masweta, mashuka, na soksi sikuhesabu. Nimeanza saa kumi na mbili asubuhi, saa saba ndiyo nimeanika, mgongo haunyooki. Saa nane kikapita kisulisuli, kamba ikakatika, mashati matano chini kwenye vumbi jekundu. Nilikaa kwenye kindoo nikacheka kama chizi.

Kinachoniuma zaidi, hata yasipoanguka hayatakati. Nasugua na sabuni ya mche mpaka vidole vinachubuka, shati likikauka ni rangi ya uji wa ulezi. Baba yao anasema tununue mashine. Mashine na maji yapi?

Bibi wa Mkonze
Pole mwanangu. Mkono wako hauna kosa, ni maji. Haya ya visima ni magumu; chungulia birika lako, si lina magamba meupe ndani? Chokaa hiyo ikikutana na sabuni ya mche inafanya utando, ule unaoelea kwenye beseni kama maziwa yaliyokatika. Utando unaganda kwenye uzi, vumbi nalo linaganda kwenye utando. Utasugua mpaka uchoke.

Meupe yafulie sabuni ya unga, yaloweke tangu usiku. Maji ya mwisho ya kusuuzia tia siki nusu kikombe kwa ndoo, shati halitakakamaa. Ila mama, siki na jiki zisikutane kabisa! Zinatoa hewa ya sumu, na wengi tunafulia bafuni mlango umefungwa.

Mvua za Desemba zikianza, kinga maji ya bati. Sabuni hiyohiyo ya mche itatoa povu mpaka ushangae.

Baba Mapacha, Ipagala
Shemeji, hao watatu wa shule wana mikono? Wangu wana miaka tisa. Wakirudi tu, kila mmoja anafua shati na soksi zake, nusu ndoo inatosha. Wiki ya kwanza kola zilitoka chafu kuliko zilivyoingia. Nikanyamaza, maana ukirudia kuwafulia umekwisha.

Jirani wa Ilazo
Julai hii upepo unachachamaa mchana. Anika saa moja, saa tano anua. Kamba sokota mbili pamoja, upenyeze ncha za nguo katikati, hutahitaji vibanio.

Mama Wanne, Nzuguni
Asanteni jamani. Birika nimelichungulia, Bibi, aibu tupu. Nimeloweka matatu kwa majaribio na sabuni ya unga: mawili yametakata, la tatu lina wino mfukoni, hilo ni kesi nyingine.

Shemeji, mkubwa amefua lake jana. Kola bado, lakini soksi zimetoka. Sasa huyu kitindamimba analia na yeye apewe beseni, na beseni ninalo moja.