Ngano ya Robin ilikuwa haishikwi na rasti, sasa inashikwa. Mbegu huchoka kweli?

Mkulima_Mau
Habari wadau. Nalima ngano huku Narok, Robin nimepanda tangu ilipotoka na mwanzoni ilikuwa moto kabisa, shina safi halina doa, majirani wote wakaifuata. Siku hizi nikipitisha kidole kwa shina natoka na vumbi la rangi ya matofali, ngozi ya shina imepasuka, halafu ukivuna punje zimesinyaa hazina uzito. Mzee mmoja hapa anasema mbegu ikipandwa sana mahali pamoja inachoka. Agroveti nao wanasema niongeze dawa. Ni mbegu imechoka ama niliuziwa feki?

Nyasi_na_Kuvu
Pole sana mkuu. Mbegu haichoki, Robin yako ni ileile, aliyebadilika ni kuvu anayeleta rasti. Robin iliegemea sana jeni moja ya kinga inaitwa SrTmp. Jeni za aina hiyo zinatambua protini fulani ya kuvu, na ikishatambuliwa seli za ngano za pale pale zinajiua ili kuvu akose chakula, maana rasti hali kitu kilichokufa. Sasa akitokea kuvu mmoja ambaye protini hiyo imebadilika au amepoteza kabisa, ngano haimwoni tena. Na kutokea ni lazima atokee, kipele kimoja tu cha rasti hutoa spora (hilo vumbi linaloeneza kuvu) kama 10,000 kwa siku, piga hesabu ya shamba zima halafu ya kaunti nzima, DNA ikinakiliwa mara zote hizo kasoro haikosi. Kama kungekuwa na mbegu mchanganyiko huyo kuvu asingekuwa na faida kubwa, lakini mkipanda wote Robin yeye peke yake ndiye anakula na wenzake wanalala njaa. Misimu michache tu anakuwa ndiye mwenye mji. Mbari zinazoishinda SrTmp zilionekana Kenya kwenye sampuli za 2014.

BabaTimau
Na sio mara ya kwanza jamani, hii hadithi tumeishaiona. Ug99, mbari ya rasti ya shina, ilipatikana Uganda 1998, ikaangusha Sr31, jeni iliyotolewa kwa nafaka ya rai na ikakinga ngano za nchi nyingi zaidi ya miaka 30. Watu wakahamia mbegu ya Mwamba ambayo ina Sr24. 2006 tayari kuna mtoto wa Ug99 anayeishinda Sr24, 2007 Mwamba ikaliwa vibaya sana. Halafu ikaja Robin. Kila mara tunafanya kitu kilekile, jeni moja kubwa nchi nzima, na inaniuma kwa sababu anayelipa ni mkulima.

Asha_Karatu
Samahani naomba kuuliza, mimi niko Tanzania nasoma kilimo. Tulifundishwa rasti ya shina inajamiiana kwenye kichaka cha beriberi tu, huku kwenye ngano inajizalisha yenyewe. Sasa bila kujamiiana inapata wapi mchanganyiko mpya wa jeni?

Nyasi_na_Kuvu
Swali zuri sana dada Asha. Ndani ya ukoo wa Ug99 ni mabadiliko madogo madogo tu, ukipima DNA zao ni kama ndugu wa tumbo moja. Ila Ug99 mwenyewe alivyozaliwa ndio ajabu. Spora ya rasti kwenye ngano ina viini viwili, yaani vifuko viwili vya DNA, ambavyo havijaungana. Utafiti uliotoka 2019 ulionyesha kiini kimoja cha Ug99 kinakaribia kufanana kabisa na kiini cha mbari ya zamani iliyoonekana Australia 1954, inayodhaniwa ilitoka kusini mwa Afrika. Yaani nyuzi za kuvu wawili waliokaa kwa mmea mmoja ziligusana wakabadilishana kiini kizima, hakuna beriberi hapo.

Mkulima_Mau
Asanteni, nimeelewa. Sasa msimu ujao nifanye nini? Ngano ndio inasomesha watoto.

BabaTimau
Kwanza ng'oa ngano inayoota yenyewe baada ya mavuno, hiyo ndio nyumba ya rasti kati ya msimu na msimu, spora haikai muda mrefu bila mmea mbichi. Huku kwetu Kenya kila mwezi kuna mahali ngano iko kijani, kwa hiyo mnapokezana ugonjwa na upepo.

Nyasi_na_Kuvu
Naongezea, uliza mbegu zenye jeni nyingi ndogondogo kama Sr2 ama Sr57, mfano Kingbird. Utaona vipele vichache, usiogope, hizo hazimzuii kuvu kabisa, zinampunguza kasi tu, ila kuzishinda zote kwa pamoja ni kazi kubwa kwake. Dawa piga mapema vipele vikianza, ukingoja shina lichanike unamwaga pesa, na usirudie kundi moja la dawa kila msimu maana hata dawa anaweza kuizoea kwa njia ileile. Halafu kata mashina machache yenye vipele, weka kwa bahasha ya karatasi, nailoni hapana maana yataoza, andika mahali na aina ya mbegu, peleka KALRO Njoro, kituo cha utafiti wa kilimo. Bila sampuli za mashambani hakuna atakayejua mbari gani imeingia Narok.

Mkulima_Mau
Sawa, bahasha natafuta kesho. Kuna jirani pia ana Robin, nikate na yake?

Nyasi_na_Kuvu
Kata, lakini bahasha tofauti usichanganye.