4,294,967,297: ni tasa au si tasa?

Kalamu_Butu: Wakuu, namba hii inaninyima usingizi. Ni 2 kwa kipeo cha 32, ujumlishe 1. Ni witiri, inaishia na 7, tarakimu zake zikijumlishwa ni 59, kwa hiyo 3 haiingii. Nimegawanya kwa mkono hadi 97 na kila mara kinabaki kitu. Nitangaze ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe?

Mzee_wa_Vipeo: Usitangaze, mkuu. Fermat mwenyewe, yule mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliteleza hapohapo. Aliona 3, 5, 17, 257 na 65,537 (yaani 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, ujumlishe 1) zote ni tasa, akaamini na hii itakuwa hivyo. Mwaka 1732 mwanahisabati Euler akaonyesha ni 641 × 6,700,417. Siri ni kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, hubakiza 1. Kwa hiyo mpaka 641 unajaribu tano tu: 193, 257, 449, 577 na 641 yenyewe.

Kalamu_Butu: Tano! Na mimi nimemaliza daftari zima.

Binti_Witiri: Hata kugawanya si lazima. 641 ni 5 × 128 + 1, tena ni 625 + 16. Ukihesabu masalio ya kugawanya kwa 641 tu, 5 × 2^7 (yaani 640, moja pungufu ya 641) ni −1. Pandisha kwa kipeo cha nne: 625 × 2^28 ni 1. Lakini 625 ni −16, yaani −2^4. Basi 2^32 ni −1. Ongeza 1, linabaki sifuri. (Mimi hapa huwa natabasamu peke yangu.)

Kalamu_Butu: Nimeifuata mstari kwa mstari, imekubali. Na 6,700,417 je, inavunjika?

Mzee_wa_Vipeo: Hiyo tasa. Usianze daftari jingine.