Tupeane uzoefu: kuingiza ndagala (dagaa) kavu Lubumbashi, karatasi na usafi wa mzigo

Mama Depo (Lubumbashi)
Wapendwa, naomba tuongee samaki kavu. Ndagala nyingi tunayokula hapa imevuka mpaka. Kuna ya Ziwa Mweru na Ziwa Tanganyika kutoka Zambia, na kuna ya Ziwa Victoria inayopakiwa Mwanza, ikapita Tunduma na Nakonde hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Congo. Wanaoanza biashara wananiuliza bei ya mfuko tu. Jinsi mzigo utakavyopita duane (forodha) hawaulizi, na hapo ndipo mtaji unapokwama. Kila mmoja aweke yaliyompata mwenyewe. Naanza.

Karatasi yenye uzito kuliko zote haitoki Congo. Cheti cha afya cha samaki kinatolewa na serikali ya kule mzigo unakoanzia, lori likiwa bado halijaondoka. Ukifika Kasumbalesa huna, hakuna wa kukuandikia. Na kikiwepo, lazima kikubaliane na ankra, orodha ya mifuko na cheti cha asili. Kuna muuzaji alinitumia mzigo wenye kilo hizi kwenye ankra na kilo zile kwenye cheti. Lori lililala mpakani hadi karatasi ya kusahihisha ilipotoka kwao, na gharama ya kulala nikalipa mimi. Siku hizi hatupakii mpaka nitumiwe picha za karatasi zote, nizilinganishe mstari kwa mstari: jina la kisayansi la samaki (Rastrineobola argentea kwa dagaa wa Victoria, Limnothrissa miodon kwa kapenta, yaani dagaa wa Tanganyika), idadi ya mifuko, uzito, namba ya lori.

Deklaran (wakala wa forodha) wa Mpakani
Mama ameanza pazuri. Niongeze upande wetu.

Samaki kavu, wa chumvi na wa moshi wote wako chini ya namba 0305 ya tarifa (orodha ya ushuru wa forodha), ila vifungu vyake vinatofautiana. Samaki wa moshi akiandikwa kama mkavu wa jua, deklarasio inarudi. Ushuru unahesabiwa juu ya thamani CIF, maana yake bei pamoja na bima na usafiri. TVA (kodi ya ongezeko la thamani), kwa mzigo unaotozwa, ni 16%, nayo inakuja juu ya thamani hiyo ikiwa imeshaongezwa ushuru. Wateja wengi wanapiga hesabu kwa bei ya sokoni Mwanza peke yake, halafu wanashangaa.

Kuhusu ofisi: dekreti (amri ya serikali) ya Congo ya mwaka 2002 ilitaja huduma chache za kukaa mpakani: duane (leo DGDA), OCC (ukaguzi wa bidhaa), DGM (uhamiaji) na Hygiène (afya). Kwa samaki utasikia pia karantini ya wanyama na mimea. OCC ndiyo inayochukua sampuli ya mzigo. Mwambie deklaran wako awepo mifuko inapofunguliwa, kisha ifungwe tena mbele yake. Mfuko ulioachwa wazi mpakani unaingia vumbi na unyevu, na hasara ni ya mwenye mzigo.

Mchuuzi wa Kirumba (Mwanza)
Salamu kutoka huku. Wateja wa Congo nawaomba kitu kimoja: msinibane niondoe gari kesho. Huku natakiwa kuwa na kibali cha kusafirisha mazao ya uvuvi nje, mzigo ukaguliwe, cheti cha afya kitoke. Kipimo kikihitajika, maabara ya taifa ya ubora wa samaki iko hapa hapa Nyegezi. Anayekuahidi kuruka hatua hizo anakuuzia matatizo ya Kasumbalesa.

Pia uliza dagaa wameanikwa wapi. Wa mchangani ni rahisi, lakini wanabeba mchanga na kinyesi cha ndege. Wa kichanja wanapata hewa juu na chini na wanakauka sawasawa. Tofauti ya bei ipo, na mimi naona ni halali.

Mama wa Soko ya Kenya (Lubumbashi)
Miye ninauzishaka ndagala ku soko. Bakileta mufuko, minaingiza mukono mpaka katikati, juu siangaliake. Minatosha moja, minavunja. Ikikatika na sauti, iko kavu. Ikikunjama, mufuko urudie ku lori. Kisha minatia kidogo mu sahani ya maji, minangojea. Muchanga unabakia chini, kila mutu anaona. Na ule unga wa chini ya mufuko, angalia muzuri: kama iko na tududu twa manyoya, ile mufuko bataimaliza beo mbele ya bateja.

Mpimaji
Kipimo cha mama huyo ni kizuri mno kwa ukavu. Kuna kimoja ambacho mkono hauwezi: histamini. Samaki akikaa masaa mengi kwenye joto kabla ya kuanikwa, hasa siku za mvua, bakteria wanaitengeneza mwilini mwake. Ukimkausha baadaye inabaki, ukimkaanga inabaki. Mlaji anawashwa, uso unamwiva, kichwa kinauma. Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, imeweka kikomo cha miligramu 200 kwa kilo kwa samaki wa jamii kama ya kapenta. Kwa hiyo muulize muuzaji walivuliwa lini na walianikwa saa ngapi.

Swali la Katuba
Kuna anayenishauri nipulizie dawa ya mbu depo ili wale wadudu wasiingie. Mmewahi?

Mpimaji
Usithubutu, dada. Dawa ya nyumbani ikishika samaki haioshwi ikaisha, na watu watakula sumu, watoto wakiwemo. Mdudu huyo anapenda unyevu. Weka mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta, fagia unga wote wa zamani kabla ya kupokea mzigo mpya, na mfuko ulioshambuliwa utoe nje siku hiyo hiyo.

Dereva wa Nakonde
Foleni ya Kasumbalesa inaharibu samaki kuliko barabara. Usiku baridi, mchana jua, turubai linatoa jasho kwa ndani na mifuko ya juu inalowa. Mimi naweka maboksi makavu kati ya turubai na mzigo, na jua likiwaka nafungua pembeni hewa ipite. Wenye mzigo, mkubalie dereva afanye hivyo, msimwambie afunge tu.

Mama Depo
Asanteni sana, nimepata mengi. Wanaotaka kuagiza waangalie pia kalenda ya uvuvi. Zambia inafunga maji yake mengi, Mweru likiwemo, kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mzigo wa "samaki wapya" katikati ya miezi hiyo, muulize muuzaji ametoka ziwa gani, na akuoneshe karatasi kabla hujatuma pesa.