Ushauri: Mei na mama Italia, twende Amalfi, Cinque Terre au Puglia?

Mwana wa Chumbageni: Habari wanajamvi. Mama yangu amestaafu ualimu na nimemwahidi safari. Yeye mwenyewe kachagua Italia. Tutashukia Roma mwezi Mei, halafu tuna wiki nzima ya kukaa pwani. Anataka miji ya kale, bahari na watu. Makumbusho hana haja nayo. Tatizo magoti: ngazi kumi na tano anapanda, hamsini haziwezi. Na nguruwe hali. Picha za Positano, mji wa pwani ya Amalfi, zimeniteka, ila naona nyumba zimepandiana mlimani. Mliofika huko, nisaidieni.

Bint Kilindini: Shikamoo yangu kwa mama. Positano iondoe, ule mji ni ngazi tupu. Kama roho yako iko Amalfi, pandeni boti Salerno. Mnashuka gatini, uwanja wa kanisa kuu uko hatua chache tu. Boti ikiendelea mbele, Positano mtaiona mkiwa baharini, na mimi naamini huko ndiko inakopendeza zaidi.

Reli Kati: Cinque Terre usiifute yote mkuu, vile vijiji vitano havilingani. Corniglia hapana: kutoka stesheni ngazi zinapita 380. Riomaggiore na Manarola ni vilima. Lakini Monterosso stesheni inatazamana na ufukwe, tambarare kabisa, na Vernazza treni inawashusha katikati ya kijiji, mnateremka pole pole hadi bandarini. Ila jiandaeni kwa msongamano.

Kaka wa Malindi: Nimekulia Malindi, Kiitaliano nilikisikia sokoni tangu utoto, na sasa naishi Bari. Mpeleke mama Puglia, mkoa wa kusini. Treni ya kasi kutoka Roma ni kama saa nne.

Bari Vecchia, mji wa kale wa Bari, hakuna kilima. Akina mama wanakaa vibarazani wakitengeneza orecchiette, aina ya tambi: kipande cha unga kinaburutwa ubaoni kwa kisu butu, kinageuzwa kwa kidole gumba, tayari sikio dogo. Mama atasimama hapo hadi umvute mkono. Bandarini utawakuta wavuvi wakimpiga pweza maweni alainike, kama kwetu, tofauti wao wanamla mbichi.

Kutoka Bari mfuate pwani hadi Polignano, mji ulioketi ukingoni mwa jabali, kisha Monopoli. Bara kuna Alberobello yenye trulli, nyumba za mawe yasiyo na chokaa ya kuungia, paa kama pia. UNESCO waliiorodhesha kuwa urithi wa dunia 1996. Kuna mteremko, ila mfupi. Mimi naipenda zaidi Locorotondo iliyo jirani, nyeupe, tulivu, vichochoro vinazunguka. Treni za huko Jumapili ni shida, pangeni siku nyingine.

Matera, mji ulio mkoa wa jirani, msiikose. Miaka ya 1950 serikali iliwahamisha watu waliokuwa wakiishi mapangoni, leo watu wanalipia kulala humo. Msiteremke. Piazza Vittorio Veneto iko juu, ina roshani, mtaona bonde lote bila ngazi nyingi.

Kuhusu nguruwe, kwenye menyu kwepeni guanciale na pancetta, nyama zake, na strutto, yale mafuta yake. Samaki wako tele.

Bint Kilindini: Hapo umenishinda kaka, hata mimi ningeenda Puglia. Mwana wa Chumbageni, viza ya Schengen, ile ya kuingilia Italia na nchi nyingine za Ulaya, unaruhusiwa kuomba miezi sita kabla, usingoje Aprili. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 kwenda juu.

Mwana wa Chumbageni: Nimemsomea mama, alipofika kwenye pweza akasema basi, huko huko. Asanteni sana. Swali la mwisho: tulale Polignano au Monopoli?

Kaka wa Malindi: Monopoli. Polignano inajaa watu mchana kutwa, na ufukwe wake ni kokoto, magoti yatalalamika. Monopoli bandari ya kale iko ndani ya mji, mashua za buluu zimefungwa pale pale watu wanapopunga upepo jioni. Tafuteni chumba cha chini karibu na bandari, majengo mengi ya kale hayana lifti.